Homa Si Kosa, Kuificha Ndiko Hatari: Matumizi Salama ya Panadoli Mipakani

Na Afisa wa Uhusiano wa Umma, Makao Makuu ya Polisi, Naguru, Kampala



Mmezoea kusoma katika kurasa hizi habari za magendo, wizi wa mifugo na ajali za barabarani. Leo nawaandikia juu ya kitu kidogo kinachopatikana karibu katika kila nyumba: kidonge cheupe cha parasetamoli, ambacho sote tunakiita panadoli hata kama pakiti yake ina jina jingine. Huenda mtu akauliza, polisi na panadoli wana uhusiano gani? Jibu la swali hilo liko Mpondwe.

Tarehe 28 Agosti 2019, msichana mwenye umri wa miaka 9 alifika na mama yake katika kituo cha mpaka cha Mpondwe, wilayani Kasese, akitokea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walikuwa wakitafuta matibabu. Wakati huo Ebola ilikuwa ikiua watu upande wa pili, katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri. Wahudumu wa afya waliokuwa wakiwapima wasafiri walimkuta mtoto huyo na homa kali, mwili dhaifu, vipele, na damu ikimtoka kinywani. Hapohapo walimtenga na kumpeleka katika kitengo cha matibabu ya Ebola kwenye Hospitali ya Bwera. Siku iliyofuata vipimo vilithibitisha kuwa ni Ebola. Kwa masikitiko makubwa, mtoto huyo alifariki. Lakini kwa kuwa alitambuliwa mpakani, kabla ya kuingia sokoni, katika teksi au katika nyumba za jamaa, ugonjwa haukuenea Kasese.

Mtoto yule alikuwa na dalili nyingi zilizoonekana kwa macho. Mgonjwa aliye katika siku yake ya kwanza huwa hana damu kinywani wala vipele. Mara nyingi huwa na homa, uchovu na maumivu ya kichwa tu. Mtu kama huyo akimeza panadoli saa moja kabla ya kufika mpakani, kipimajoto kinaweza kumwona kuwa mzima. Hapo ndipo kidonge kidogo kinapokuwa jambo la usalama wa umma, na ndiyo sababu ya makala haya.

Panadoli hufanya nini, na haifanyi nini

Parasetamoli ni dawa njema. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1977. Hutuliza maumivu ya kichwa, jino, mgongo na viungo, na hushusha homa. Ikitumiwa kwa kipimo sahihi, huwafaa watu wengi, wakiwamo mama wajawazito, na haisumbui tumbo kama aspirini au ibuprofeni.

Hata hivyo, haiui vijidudu vya malaria. Haiui bakteria wa homa ya matumbo. Haina uwezo wowote juu ya virusi vya Ebola. Kazi yake ni kuituliza ile sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili. Kwa kawaida homa huanza kushuka baada ya nusu saa hadi saa moja, na hubaki chini kwa muda wa saa 4 hadi 6. Baada ya hapo, ikiwa chanzo kimo bado, homa hurudi. Ni kama kengele ya hatari inayolia katika nyumba inayoungua: panadoli huinyamazisha kengele, lakini moto unaendelea.

Naliandika hili kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau. Miaka mingi iliyopita, nikiwa askari kijana katika kituo kimoja cha mpakani, nilishikwa na homa usiku nikiwa zamuni. Nilimeza vidonge 2, nikapata nafuu, nikaendelea na kazi. Asubuhi homa ilirudi, nikameza tena. Nilifanya hivyo siku 4, nikijisifu moyoni kuwa sijakosa zamu hata moja. Siku ya 5 nilianguka kwenye foleni ya magari. Nilipopata fahamu nilikuwa kitandani na dripu mkononi, na kipimo kimeonyesha malaria kali. Mganga aliyenihudumia aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Afande, wewe hukuwa unapona. Ulikuwa unaugua kimyakimya."

Serikali yetu inashauri kwamba mtu mwenye homa apimwe malaria ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka huchukua tone moja la damu kidoleni na jibu hupatikana baada ya dakika zisizozidi 20 hivi. Wahudumu wa afya wa vijiji, tunaowaita VHT, wamefundishwa kuwapima watoto wadogo na kuwapa dawa ya malaria bila malipo. Meza panadoli ili upate nafuu, lakini uimeze ukiwa njiani kwenda kupimwa.

Usimeze ili uvuke

Sasa nirudi kwenye mpaka. Iwe Busia au Malaba, Mutukula au Katuna, Bunagana, Vurra au Elegu, wananchi huvuka kila siku kwa ajili ya soko, shule, shamba, mazishi na harusi. Ndugu wa damu moja wanaishi pande mbili za mstari mmoja. Linapotokea tishio la ugonjwa, wahudumu wa afya huweka vipimajoto, na hapo ndipo baadhi ya wasafiri hushawishika kumeza vidonge ili wapite upesi. Dereva wa lori anahofia kucheleweshwa siku kadhaa. Mfanyabiashara anahofia nyanya zake kuoza. Mama anahofia kutengwa na watoto wake. Hofu hizo nazifahamu na sizidharau.

Jambo hili si la Uganda peke yake. Mwezi Januari 2020, msafiri mmoja kutoka mji wa Wuhan nchini China alieleza mtandaoni jinsi alivyomeza dawa za kushusha homa, akapita kwenye vipimo vya uwanja wa ndege na kufika Ufaransa. Ubalozi wa nchi yake mjini Paris ulilazimika kumtafuta na kumtaka awasiliane na wahudumu wa afya. Miezi michache baadaye dunia nzima ilikuwa imefungiwa majumbani. Sisemi kwamba mtu mmoja ndiye aliyeuleta ugonjwa huo. Nasema kwamba kipimajoto husaidia tu pale ambapo wanaopimwa hawakukidanganya.

Waganda tunajua gharama ya homa isiyotambuliwa mapema. Tarehe 20 Septemba 2022, Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan wilayani Mubende. Ulifika hadi Kampala, na ulipotangazwa kuisha tarehe 11 Januari 2023, watu 142 walikuwa wamethibitishwa kuugua na 55 kati yao wamefariki, wakiwamo wahudumu wa afya. Tarehe 30 Januari 2025 ugonjwa huohuo ulitangazwa tena, safari hii hapa Kampala, na mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi. Dalili za mwanzo za Ebola hufanana na za malaria, na mtu anaweza kukaa siku 2 hadi 21 tangu aambukizwe kabla dalili hazijajitokeza. Mara dalili zinapoanza, anaweza kuwaambukiza wanaomhudumia.

Kwa hiyo naomba nieleweke vema. Homa si kosa la jinai, na mgonjwa si mhalifu. Ukiwa na homa mpakani, mwambie mhudumu wa afya au askari aliye karibu. Ikiwa umemeza panadoli saa chache zilizopita, liseme hilo pia, ukitaja umemeza ngapi na saa ngapi. Maelezo hayo yana thamani kuliko namba inayoonekana kwenye kipimajoto. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Mpakani, kilio hicho huwafikia na majirani.

Kipimo cha mtu mzima

Kidonge cha kawaida cha parasetamoli kina miligramu 500. Mtu mzima humeza kidonge 1 au 2 kwa mara moja, kisha husubiri angalau saa 4, na ni vizuri zaidi saa 6, kabla ya kumeza tena. Asizidishe vidonge 8, yaani gramu 4, katika saa 24. Saa 24 ni mchana na usiku kwa pamoja. Aliyemeza vidonge 8 tangu asubuhi hadi saa nne za usiku hawezi kuanza hesabu mpya eti kwa kuwa saa sita ya usiku imepita.

Wapo wanaopaswa kumeza pungufu ya hapo, baada ya kumwuliza mhudumu wa afya: mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini, aliyedhoofika kwa njaa au maradhi ya muda mrefu, na anayekunywa pombe kwa wingi. Wale wanaomeza panadoli ili kutuliza kichwa baada ya kulala na waragi wajue kwamba ini lao limekwisha chokeshwa tayari.

Ini ndilo linalobeba mzigo wote wa dawa hii. Kipimo kikiwa sahihi, ini huivunjavunja na kuitoa mwilini bila shida. Kipimo kikizidi, mabaki yenye sumu hulishinda ini na kuanza kuliharibu. Hatari yake kubwa ni ukimya wake. Katika siku ya kwanza mtu anaweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi kitu, akadhani yamekwisha. Baada ya siku 2 au 3 ndipo huja maumivu ya upande wa kulia wa tumbo, macho ya manjano na kuchanganyikiwa. Dawa ya kuizima sumu hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Basi mtu mzima au mtoto akizidisha vidonge kwa sababu yoyote ile, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo pamoja na pakiti ya dawa, hata kama anasema hajambo.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kulitungia sheria. Uingereza, tangu mwaka 1998, pakiti ya parasetamoli inayouzwa katika duka la kawaida haizidi vidonge 16, na katika famasi haizidi 32.

Majina mengi, dawa moja

Hapa wakazi wa mipakani mna hatari ambayo mtu wa Kampala hakutani nayo mara nyingi. Dawa huvuka mpaka kama watu, na zikivuka hubadili majina. Panadol ni jina la kibiashara tu. Dawa iliyomo ndani ni parasetamoli. Katika nchi zinazotumia Kifaransa huenda ukakuta Doliprane au Efferalgan, ambazo ni parasetamoli ileile, na baadhi ya vidonge vyake vina gramu 1 kila kimoja, sawa na vidonge vyetu 2. Pakiti iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani inaweza kuandikwa "acetaminophen". Hiyo nayo ni parasetamoli. Aidha, dawa nyingi za mafua na kikohozi zimechanganywa na parasetamoli ndani yake.

Mtu anaweza kumeza panadoli 2 kwa ajili ya kichwa, kidonge cha mafua kwa ajili ya pua, na kidonge kutoka ng'ambo kwa ajili ya mgongo, akiamini ametumia dawa 3 tofauti. Kumbe ametumia dawa moja mara 3. Soma pakiti kabla ya kumeza. Kama maandishi yako katika lugha usiyoijua, mwonyeshe mhudumu wa afya au mwalimu wa shule iliyo karibu. Na usimeze dawa mbili zenye parasetamoli kwa wakati mmoja.

Watoto

Mtoto hapimiwi dawa kwa macho. Hupimiwa kwa uzito wake. Kila kilo moja ya uzito huhitaji miligramu 10 hadi 15 kwa mara moja, na asipewe zaidi ya mara 4 katika saa 24. Mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 100 hadi 150. Dawa ya maji iliyo kawaida kwetu ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo kipimo kimoja cha mililita 5 kinamtosha. Lakini ipo pia dawa ya maji yenye miligramu 250 katika mililita 5, ambayo ni zaidi ya maradufu. Soma namba iliyo kwenye chupa kila unaponunua chupa mpya.

Tumia kijiko au kikombe cha kupimia kilichomo ndani ya boksi. Vijiko vya jikoni havilingani. Ikiwa nyumbani mna walezi kadhaa, mama, nyanya na dada, andikeni saa ya kila kipimo kwenye karatasi na kuibandika ukutani, asije kila mmoja akampa mtoto dawa kwa huruma yake. Mtoto chini ya miezi 3 akiwa na homa, msimpe dawa na kungoja nyumbani. Apelekwe kituo cha afya mara moja. Aspirini asipewe mtoto chini ya miaka 16 ila kwa amri ya daktari, kwa kuwa inaweza kuleta madhara makubwa katika ubongo na ini.

Nunua mahali panapojulikana

Mwaka 1990 nchini Nigeria, watoto 47 walifariki baada ya kupewa dawa ya maji ya parasetamoli iliyotengenezwa kwa kimiminika chenye sumu kinachoharibu figo. Wazazi wao walidhani wanawashushia homa. Mwaka 2022 nchini Gambia, vifo vya watoto wasiopungua 66 vilihusishwa na dawa za maji za kikohozi na mafua zenye sumu ya aina hiyohiyo. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na ladha yake ni tamu.

Nchini mwetu, sheria ya mwaka 1993 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa ili kukagua dawa na kutoa leseni kwa wanaoziuza. Dawa inayopitishwa njia za panya haijakaguliwa na mtu yeyote. Imebebwa kwenye gunia, juani, pengine muda wake umekwisha. Muuzaji anayeitembeza ndani ya basi au kuitandaza chini sokoni hawezi kukujibu ikikudhuru. Nunua kwenye famasi au duka la dawa lenye leseni iliyobandikwa ukutani. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Ukikatiwa vidonge vichache kutoka kwenye kadi, omba uonyeshwe sehemu yenye tarehe kabla ya kulipa. Usinunue vidonge vilivyomwagwa katika kipande cha karatasi.

Kumbukeni pia kwamba dawa za Serikali zina alama inayosema ni mali ya Serikali ya Uganda na haziuzwi. Ukizikuta dukani, zimeibwa kutoka kwa mgonjwa fulani aliyeambiwa kituoni kwamba dawa zimekwisha. Toa taarifa kwa polisi. Si lazima uwe na ushahidi wote. Kupeleleza ni kazi yetu.

Usisubiri dalili hizi

Acha kutegemea panadoli na uende kituo cha afya bila kuchelewa ukiona moja ya haya: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Vivyo hivyo shingo ikikakamaa, kupumua kukiwa kwa shida, mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, macho yakiwa ya manjano, au damu ikitoka mahali popote pasipo jeraha. Mgonjwa anayetokwa damu asiguswe kwa mikono mitupu, wala asipakiwe kwenye boda boda. Mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji, au Mwenyekiti wa LC, au pigeni simu polisi kwa namba 999 au 112 bila malipo, nasi tutawasiliana na wahusika.

Hata kwa maumivu yasiyo na homa, yakizidi siku 3 usiendelee kujitibu. Maumivu yanayorudi kila siku yana chanzo, na chanzo hicho kinastahili kutafutwa.

Ndugu zangu, mpaka wetu hulindwa na askari wachache na wananchi wengi. Askari anaweza kukagua gari na mizigo, lakini hawezi kuona kilichomo ndani ya mwili wa msafiri. Tunategemea ukweli wako. Wiki ijayo utakapokuwa kwenye foleni Mpondwe au Busia nawe umeamka na homa, usifungue pakiti ili uonekane mzima. Sema, "Naumwa tangu jana." Maneno hayo machache yanaweza kukucheleweshea safari ya siku moja, na yanaweza kuwaokoa watu wa nyumbani kwako na wa kijiji kizima.